Maji ya Kampeni



Katika kampeni za serikali za mitaa hapa Tanzania, kama zile za siku saba zilizotangulia kura ya tarehe 27 Novemba 2024, mgombea uenyekiti wa kijiji haoni kuwa amesema neno mpaka ataje maji. Naye huyataja kwa bashasha, kana kwamba ufunguo wa bomba umo katika mfuko wa kanzu yake, ilhali sisi tulioketi chini ya mwembe twajua kuwa tangu sheria ya 2019 maji ya vijijini yamo mikononi mwa wakala wa serikali, RUWASA, na kwamba mwenyekiti hana fungu la kununulia hata mpira wa kumwagilia mchicha.

Siku hizi barazani imezuka rai mpya: kwa kuwa bahari i mlangoni, na gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, i chini ya miguu yetu kuendeshea mtambo, basi na tuichuje bahari chumvi yake, kama wafanyavyo jamaa zetu wa Maskati, na kama ilivyofanyika kwa nguvu za jua huko Kiunga, kaskazini ya Lamu. Rai hiyo siidharau. Lakini mtambo wa namna hiyo, ukivuta ndoo tano za maji ya bahari, hutoa takriban ndoo mbili za maji matamu, na zile tatu hurudi zikiwa zimekolea chumvi zaidi ya mara moja na nusu. Na maji hayo, kwa uzito wake, hayaelei yakachukuliwa na mkondo, bali huzama na kutanda chini, penye majani na matumbawe wanamokulia tasi na changu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000 kutoka ghuba hiyo mpaka maingilio ya Ruvuma.

Wala si mtambo pekee. Kisima cha ufukoni ni maji ya mvua yaliyolala juu ya maji ya bahari mfano wa mafuta juu ya mchuzi: ukichota kwa pupa, au mikoko ikifyekwa kupisha mashamba ya chumvi na bamvua likajipatia njia, utamu huondoka. Hapa ndipo mwenyekiti, asiye na bomba, ana sauti, kwani Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994 inataka vijiji vilivyomo hifadhini vishirikishwe katika mipango yake, na mkutano mkuu wa kijiji huongozwa naye. Ajabu ni kwamba jukwaani, juu ya mikoko, hutasikia hata herufi.

Nalimuuliza mgombea mmoja mwenye rai hiyo ya kuchuja bahari, kwa adabu, chumvi itakayobaki mtamboni ataipeleka wapi. Akanyoosha mkono kuelekea majini, akacheka, akasema, "Mwalimu, bahari ni kubwa." Bibi mmoja aliyekuwa amekalia dumu lake tupu akamwitikia, "Ikiwa ni kubwa hivyo, mwanangu, mbona imenifuata kisimani?" Mgombea akaamuru ngoma ipigwe.