Uchungu ukikawia Chinongwe

Barua zenu juu ya bei ya korosho nimezipata, lakini korosho zitasubiri juma lijalo. Leo nataka kuwarudishia jambo lililo lenu, ambalo naona wengi hamkupata kurudishiwa.

Mwaka 2007 walipita watu majumbani mwetu, hapa Ruangwa, Nachingwea na Lindi Vijijini, na kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba. Walikaa uani wakauliza nani amezaliwa katika nyumba hii na nani amefariki. Palipokuwa na mwanamke aliyefariki, ndugu zake waliulizwa zaidi: Je, alitokwa damu nyingi? Alipatwa na degedege? Uchungu ulichukua siku ngapi? Hata mahali nyumba iliposimama walipapima kwa chombo kinachotumia setilaiti. Shangazi yangu wa Chinongwe alinisimulia habari yao kwa maneno machache: "Wameandika, wamekunywa maji, wamekwenda."

Kumbe walichoandika hakikupotea. Mwaka 2015 mtafiti wa mambo ya uzazi, Claudia Hanson, pamoja na wenzake, walikichapisha katika jarida la The Lancet Global Health. Ni habari za kaya zipatazo 226,000. Katika wilaya hizo tano, kwa kila vizazi hai 100,000, wanawake 712 walikufa wakiwa wajawazito au katika uzazi. Kisha wakachukua wale tu waliouawa na uzazi wenyewe, yaani kutoka damu, kifafa cha mimba na mengineyo ya namna hiyo, wakapima umbali wa nyumba zao na hospitali. Kwa waliokaa ndani ya kilomita 5, walikufa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa waliokaa zaidi ya kilomita 35, walikufa 422.

Nilipozisoma tarakimu hizo niliikumbuka njia moja. Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Niño, mke wa mdogo wangu alijifungua nyumbani, mtoto akalia vizuri, lakini damu haikukata. Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, tukakibeba vijana wanne kwa kupokezana, tukiwa tumemtuma mtu mbele kutafuta gari. Aliomba maji mara mbili. Tulipolifikia gari alikuwa haombi tena.

Matangani yalisemwa mengi. Mnayajua, maana ndiyo yasemwayo kila mahali: uchungu ukikawia, mama anatakiwa ataje wanaume aliokwenda nao; damu isipokata, kuna jambo amelificha. Sasa nawauliza wazee wangu, kwa heshima zote. Wanaokaa mbali wanakufa karibu mara nne ya wanaokaa jirani na hospitali. Je, tuseme wanawake wa jirani na hospitali ni waaminifu mara nne kuliko wa Chinongwe?

Wakoloni walitujengea reli mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga. Karanga zilipokataa, reli ikang'olewa. Hayo nayapita tu.

Lakini kufika hospitali si mwisho wa safari. Marehemu Dakta Godfrey Mbaruku alipokuwa katika hospitali ya mkoa ya Kigoma alianza kuchunguza kifo kimoja kimoja cha mzazi: nini kilikosekana, nani alichelewa. Hakungoja fedha kutoka ng'ambo. Yeye na wenzake walichukua hatua 22, nyingi zikitegemea kilichokuwapo pale pale. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo katika hospitali ile vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sisi ni maskini, basi wazazi wetu hawana budi kufa.

Siku hizi iko namba 115. Mpango wa m-mama ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito, aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga akipata hatari, namba hiyo inapigwa bure, na anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa karibu aliyekwisha kuandikishwa, ambaye mgonjwa hamlipi kitu.

Juzi nilikuwa barazani Chinongwe na akina baba saba. Niliwauliza namba hiyo, wakaijua wawili. Mmoja wa wale watano mkewe yu karibu kujifungua. Aliinuka bila kuaga, akaokota kipande cha mkaa jikoni, akaiandika mlangoni kwa ndani, tarakimu kubwa kubwa, kisha akamwita mama mkwe wake aje aisome.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.