Neno "Sawa" Mbele ya Polisi



Leo tuongee kuhusu neno moja dogo: "sawa". Unatoka dukani usiku, afande anakusimamisha. "Leta simu, fungua nione." Wewe kwa woga unasema sawa. Kesho kortini itasemwa ulikubali mwenyewe.

Sikizeni kisa cha California, Marekani. Usiku wa manane polisi alisimamisha gari lililokuwa na taa mbovu, akaomba kulipekua. Mmoja wa waliokuwemo akamjibu, haya, endelea. Chini ya kiti zikapatikana hundi za wizi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kule, Schneckloth dhidi ya Bustamonte, mwaka wa 1973. Majaji walisema ridhaa lazima iwe ya hiari, isiwe ya kulazimishwa wala kutishwa. Lakini wakasema pia polisi halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa.

Uamuzi ule haufungi korti zetu. Funzo lake ni letu: usingoje polisi akusomee haki zako.

Hapa Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mwili wako, nyumba yako, mali yako na mawasiliano yako. Kifungu cha 50(4) kinaambia korti iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki. Lakini tusidanganyane. Sheria inaruhusu polisi, wakati mwingine, kupekua bila kibali cha korti wakiwa na sababu ya msingi ya kushuku.

Sasa ufanye nini? Usikimbie, usisukumane, usitukane. Uliza kwa adabu: "Afande, naomba kuona kitambulisho chako. Unanishuku kwa lipi? Una kibali?" Kisha sema, na walio karibu wasikie: "Sikubali kupekuliwa, lakini sitakuzuia." Akiendelea, mwache. Vita hivyo ni vya kortini, si vya barabarani. Ukifika nyumbani andika saa, mahali, nambari ya afande na nani alishuhudia.

Dada zetu, sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hilo lidai bila kuona haya.

Na ukishikwa, una haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda umeisha korti zikiwa zimefungwa.

Leo jioni, mfundishe mdogo wako haya kabla hajasimamishwa yeye.