Kabla ya Kununua, Tuhesabu Kuta

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu,

Nyumba zetu nyingi za Mbagala na Tegeta ni za matofali ya saruji. Tulilisahau hilo. Tulinunua kifaa kimoja cha intaneti isiyo na waya, cha bei kubwa na chenye antena nyingi, tukakiweka sebuleni. Chumba cha nyuma, wanakosomea vijana, hakikupata kitu. Fedha ilikuwa ya michango yenu, tunakiri kosa.

Tumejifunza haya. Kwanza, mawimbi ya GHz 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko ya GHz 5, ingawa haya ya pili yana kasi zaidi. Pili, vifaa viwili vya kawaida vilivyounganishwa kwa waya huhudumia nyumba kuliko kimoja kikubwa; waya huo waweza kufika mita 100. Tatu, kwenye GHz 2.4 kila kifaa kipewe chaneli yake: 1, 6 au 11, visiingiliane. Nne, chagueni chenye ulinzi wa WPA2 au WPA3, na mtenge fedha ya betri, maana umeme ukikatika na mtandao umekatika.

Basi, piteni kwanza vyumbani mkihesabu kuta. Kuhesabu ni bure.