Alama za Nyumbani

Tunapotaja nyigu, mara nyingi tunafikiri juu ya wale wakaao wengi pamoja chini ya paa. Lakini wako nyigu wengine ambao kila jike huchimba shimo lake mwenyewe mchangani, bila msaidizi. Mmoja wao, apatikanaye Ulaya na Afrika, huwinda nyuki wa asali. Humchoma nyuki hata asiweze kutikisika, humbeba chini ya tumbo, akamwingiza shimoni. Shimo hilo laweza kufika urefu wa mita moja. Ndani yake hutengeneza vijumba, na katika kila kijumba huweka nyuki mmoja au wachache pamoja na yai moja. Buu akianguliwa hukuta chakula tayari.

Je, mama huyu akitoka kwenda kuwinda, hulijuaje shimo lake anaporudi?

Mtaalamu wa Uholanzi, Niko Tinbergen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilichunguza jambo hilo akiwa kijana, akachapisha habari zake mwaka 1932. Nyigu alipokuwa ndani, alipanga matunda makavu ya msonobari kuuzunguka mlango. Nyigu alitoka, akaruka huku na huku juu ya mahali pale kana kwamba anapakariri, kisha akaenda zake. Huku nyuma Tinbergen aliyasogeza matunda kando kidogo, akayapanga tena kwa duara. Nyigu aliporudi na nyuki wake alishuka katikati ya duara, akautafuta mlango asiuone. Naye alikuwa karibu kabisa na nyumba yake! Matunda yaliporudishwa mahali pake, aliuona.

Sisi nasi tunazo alama zetu: kengele ya Jumapili, benchi alilokalia mama, sauti ya mzee wa kanisa aliyetufundisha, lugha tunayoimbia. Ni alama njema, na zimetuongoza wengi. Lakini kijana wetu hupanda basi kwenda mjini kutafuta kazi. Huko kengele ile haisikiki, wala hakuna amjuaye kwa jina. Baada ya miezi michache twasikia kwamba ameacha kusali, nasi twamlaumu. Yafaa kwanza tujiulize: je, tulimfundisha kumjua Mungu mwenyewe, au tulimzoeza duara tu?

Hata sisi tuliobaki nyumbani hupotea. Mchungaji akihamishwa, au saa ya ibada ikibadilishwa, twanung'unika na kukaa majumbani. Duara limesogezwa kidogo tu, nasi tumeupoteza mlango.

Nyigu hana lawama, ndivyo alivyoumbwa. Sisi tumepewa akili ya kutofautisha mlango na vitu vinavyouzunguka. Basi, kabla mtoto hajafunga sanduku lake la safari, tuketi naye. Tuongee naye kwa upole, tumwulize atamtegemea nani mahali ambapo hakuna jirani wa kumwona. Na swali hilo tulijibu sisi wenyewe kwanza.

Mungu atujalie kuujua mlango, hata alama zote zitakapoondolewa. Amina.