Tambara la Nyanza-Lac na Soko la Dunia



Yeyote miongoni mwenu aliyewahi kushika zamu kandokando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, amekwisha kuona robota la mitumba likifunguliwa sokoni. Nguo nzuri hunyakuliwa mapema. Zilizopasuka humwangukia fundi cherehani: suruali ya mtu mzima huzaa kaptura za watoto, na vipande vinavyosalia hujaza mito. Kisichofaa hata kwa mto huchomwa, au hutupwa mahali ambapo mvua hukisukuma hadi ziwani.

Mafundi hao wamesahauliwa katika mabishano makubwa juu ya mitumba. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua, ikome ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufuta msamaha wa ushuru iliokuwa ikizipa bidhaa za Afrika. Wengine wakalegea, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikatolewa katika msamaha huo. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa tangu Januari 2016. Nanyi mnaolinda mipaka mnaijua sura ya pili ya amri za namna hiyo: robota huvuka usiku kwa njia za panya.

Basi fundi atasaidiwaje? Anahitaji malighafi iliyochambuliwa na mnunuzi wa kuaminika. Duniani kote iko biashara ya matambara ya kufutia mashine, na linalotakiwa zaidi ni tambara la pamba, kwa sababu pamba hunyonya, ilhali poliesta hupakaza mafuta huku na huku. Kuzitambua hakuhitaji maabara. Chomoa uzi, uwashe: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga. Mnunuzi wa mbali akikuta vifungo, zipu au poliesta katika furushi aliloahidiwa kuwa la pamba, hushusha bei au hulikataa lote.

Hapo ndipo kambi na vituo vyenu vinapohusika. Bunduki hufutwa kwa tambara. Injini ya lori na ya boti ya doria vilevile. Kambi ikinunua matambara kwa kilo, kwa mkataba, kutoka kwa ushirika wa mafundi, itawazoeza kuchambua na kupima kabla hawajathubutu kupeleka mzigo kwa njia ya Mugina na Manyovu mpaka Kigoma, penye reli ya kwenda Dar es Salaam. Fundi mmoja hawezi kujaza lori.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni sare kuukuu. Sare nzima mikononi mwa jambazi ni silaha. Isitoke kambini kabla ya kuondolewa alama na kukatwa vipande mbele ya ofisa, na hesabu yake iandikwe. Vipande hivyo vishonwe mifuko, visirudi kuwa sare. Mwaka 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baadhi ya askari wa Kaskazini walivikwa sare za sufu iliyotokana na matambara yaliyochambuliwa na kusokotwa upya, ustadi ulioanza Batley, Uingereza, mwaka 1813. Mvua iliponyesha, zikachanika miilini mwao. Hata hivyo sufu ya namna hiyo, katika viwanda vya Panipat, India, imetoa mablanketi kwa watu waliopatwa na maafa. Kosa lilikuwa la mfanyabiashara, si la tambara.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu mbali na takataka nyingine. Tutarajie marobota zaidi, na mengine yatakuwa takataka tupu. Ofisa wa mpakani akiyafungua na kuyakagua kabla hayajaingia, fundi wa Nyanza-Lac ataokoa fedha anazopoteza leo kwa kununua robota asiloruhusiwa kutazama ndani yake.