Redio ya Umma Wakati wa Vita: Nani Anaamua Kinachosomwa?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wajumbe wa kamati za sharika. Imefupishwa kidogo.)



Katika semina iliyopita mzee mmoja alisimama akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa tukizungumzia taarifa za raia wanaoteswa vitani, naye akasema: “Mratibu, redio inayopenda amani si inyamaze tu? Kwa nini itangaze nani kaua nani, wakati maneno hayo ndiyo yanayochochea?” Nilijibu juu juu kwa kuwa muda wa chakula ulikuwa umefika. Leo nimeomba muda nilijibu, na nitatumia mfano wa jirani zetu wa Rwanda.

Mimi nimekulia Ngara. Kihangaza chetu kinasikilizana na Kinyarwanda na Kirundi, hivyo redio ya betri ya baba ilishika Radio Rwanda nasi tukaelewa bila mkalimani. Wazee walikuwa na msemo mmoja wa kumaliza ubishi: “Redio imesema.” Nilikuwa na miaka 13 tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Kwa mtoto ilikuwa kama nchi nzima imesimama barabarani. Lakini habari hii haianzii hapo. Inaanza miaka miwili kabla.

Vita ya Rwanda ilianza Oktoba 1990, majeshi ya RPF yalipoingia kutoka Uganda. Redio ya taifa ilikuwa chini ya ofisi ya habari ya serikali, na mkurugenzi wake alikuwa Ferdinand Nahimana, msomi wa historia kutoka chuo kikuu. Tarehe 3 Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma mara kadhaa tamko lililodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu cha Nairobi. Tamko lilisema kuna mpango wa kuwaua viongozi mashuhuri wa Kihutu, na likakihusisha chama cha Liberali, ambacho kilihesabiwa kuwa cha Watutsi. Hakuna aliyethibitisha. Siku iliyofuata mauaji ya Watutsi yakaanza Bugesera, kusini mwa Kigali, na mamia wakafa.

Naomba mzee wangu aliangalie hili kwa makini. Redio ile haikutukana mtu siku hiyo. Ilisoma tamko kwa sauti ile ile iliyozoeleka ya taarifa ya habari, sauti ambayo sisi wa Ngara tuliiamini.

Na ukweli ulitokaje? Pale Nyamata, Bugesera, aliishi mama mmoja Mwitaliano aliyejitolea huko kwa miaka mingi, Antonia Locatelli. Aliona wauaji wakiletwa kutoka nje, akaona kwamba si ugomvi wa majirani kama ilivyodaiwa. Alipiga simu kwa redio za nje, BBC na RFI, akasema alichokiona. Siku chache baadaye, Machi hiyo hiyo ya 1992, alipigwa risasi akafa. Kaburi lake lipo pembeni ya kanisa la Nyamata, kanisa ambalo mwaka 1994 maelfu ya watu waliuawa ndani yake. Huwa nafikiri: kama redio ya taifa ingemtuma mwandishi mmoja tu Nyamata, umbali usiofika kilometa 50 kutoka Kigali, mama yule asingelazimika kupiga simu Ulaya.

Nahimana aliondolewa kwenye nafasi ile kwa shinikizo. Aprili 1992 iliundwa serikali ya vyama vingi, na Radio Rwanda ikaanza kusikika tofauti: vyama vya upinzani navyo vikapata nafasi. Hapa kuna funzo ambalo mara nyingi linasahaulika. Wale waliozoea kuimiliki sauti ya umma hawakukubali kuipoteza. Walianzisha yao, RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, na Nahimana alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwanzoni iliruhusiwa kutumia masafa ya Radio Rwanda asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, wakati redio ya taifa haipo hewani. Msikilizaji wa kijijini atatofautishaje? Kitufe ni kile kile. RPF nao walikuwa na Radio Muhabura. Kila upande una redio yake, na ile ya wote inabaki dhaifu katikati.

RTLM inajulikana na wengi wetu, sitaieleza sana. Ninalotaka mlione ni jinsi redio ya umma ilivyorudishwa mikononi mwa wakubwa baada ya ndege ya Rais Habyarimana kudunguliwa tarehe 6 Aprili 1994. Mkurugenzi wa wakati huo alikimbia. Mkoa wa Butare ulikuwa umebaki na utulivu kiasi, ukiongozwa na mkuu wa mkoa Mtutsi, wa pekee nchini. Tarehe 17 Aprili ilitangazwa redioni kwamba ameondolewa. Tarehe 19 Rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alifika Butare akatoa hotuba, na Radio Rwanda ikairusha. Hakusema ueni. Aliwakemea wanaosema “hayanihusu”, akazungumzia “kazi”, neno ambalo kila aliyesikia siku zile alijua maana yake. Mauaji makubwa yakaanza Butare. Mkuu wa mkoa aliyeondolewa naye aliuawa baadaye.

Sasa, ndugu zangu, kurusha hotuba ya Rais ni kosa gani? Redio zote za umma duniani hufanya hivyo. Ndiyo maana nasema shinikizo la kisiasa halihitaji askari mlangoni mwa studio. Linapita kwenye kazi ya kila siku: barua ya uteuzi, hotuba ya mkubwa, tamko la kusomwa “kama lilivyo”. Mhariri asiye na mamlaka ya kusema “hatujathibitisha, haisomwi” si mhariri, ni mpiga chapa tu. (Wapiga chapa wa ofisini mniwie radhi.)

Wa nje nao hawakuwa salama. Majuma ya mwanzo redio nyingi kubwa ziliita mambo yale mapigano ya kikabila, kana kwamba pande mbili zinapigana sawa kwa sawa. Mark Doyle wa BBC, mmoja wa waandishi wachache waliobaki Kigali, alikuja kueleza kwamba kulikuwa na vita viwili: vita ya majeshi mawili, na mauaji ya raia wasio na silaha. Katika ile ya kwanza ni haki kuuliza pande zote mbili. Katika ya pili, kumpa muuaji na anayeuawa dakika sawasawa si usawa.

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi mkoani Arusha. Mara mbili nilikaa nyuma ya kioo kwenye chumba cha Mahakama ya Umoja wa Mataifa, nimevaa vifaa vya masikioni, nikifuatilia kesi ya vyombo vya habari. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003: Nahimana na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura, kifungo cha maisha, Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, miaka 35. Novemba 2007 rufaa ikapunguza hadi miaka 30, 35 na 32. Mahakama ile ilipewa mamlaka juu ya matendo ya mwaka 1994 tu, hivyo tamko la Bugesera la 1992 lilielezwa kama historia, bila kuweza kuwa kosa la kuadhibiwa.

Shahidi mtaalamu mmoja katika kesi ile alikuwa Alison Des Forges, mwanahistoria Mmarekani. Kitabu chake cha 1999 kilieleza mauaji ya kimbari ya Watutsi kwa ushahidi mzito. Kitabu hicho hicho kikaandika pia mauaji ya raia yaliyofanywa na askari wa RPF, wala hakikusema kwamba mambo haya mawili yana uzito mmoja. Mwaka 2008 alizuiwa kuingia Rwanda, na mwaka uliofuata akafa katika ajali ya ndege. Nikiulizwa haki katika habari inafananaje, namtaja yeye.

Mfano ambao naona umekwenda vibaya kwa pande zote ni wa Oktoba 2014. BBC ilionyesha filamu kuhusu Rwanda iliyogusa mauaji yanayohusishwa na RPF. Kuligusa jambo hilo ilikuwa halali. Lakini ilitoa nafasi kubwa kwa makadirio ya watafiti wawili kwamba wengi wa waliokufa mwaka ule walikuwa Wahutu, na wataalamu na waandishi kadhaa, wakiwemo waliokuwepo Rwanda wakati ule, wakapinga vikali kwa barua ya wazi. Serikali ya Rwanda ikasimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda, na mwaka 2015 ikayafungia bila muda maalumu. Idhaa hiyo, Gahuzamiryango, ilianzishwa mwaka 1994 kusaidia watu waliopotezana kutafutana; jina lake maana yake ni inayounganisha familia. Filamu ya Kiingereza iliyoonyeshwa London, na aliyenyang'anywa redio ni mama wa kijijini ambaye hakuiona.

Mzee wangu, nakuja kwenye jibu, na inabidi nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2005 nilikuwa msaidizi wa mradi katika shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi. Niliagizwa kukusanya ushuhuda wao kwa ajili ya taarifa ya mwaka. Nilipata 13. Kumi na moja walisimulia waliyotendewa na askari wa serikali. Wawili, mama na kijana, walisimulia waliyotendewa na waasi, na kambini pale waasi walikuwa na ndugu na marafiki wengi. Mkubwa wangu alisoma, akasema kwa upole kabisa: “Hizi mbili zitawachanganya wasomaji.” Hakunitisha. Nilizitoa, nikajiambia nalinda amani ya kambi. Kama kweli ningekuwa nalinda, ningemuuliza yule mama kama anaogopa. Sikumuuliza. Baada ya miezi mitatu akanijia na nakala ya taarifa mkononi, akaniomba nimwonyeshe ukurasa wake.

Baadhi yenu, wageni wetu, mliipokea taarifa hiyo mkachangia kwa sababu yake. Mlichangia mahitaji ya kweli, lakini mlisoma nusu.

Karatasi mbili zile bado ninazo, nimekuja nazo leo. Yule mama mwenyewe alitaka zisomwe. Baada ya chai nitazisoma bila majina wala mahali, kisha maswali, na mzee wetu ndiye ataanza.