Visu Vinavyopapasa Juu

Mvua za Machi zikikaribia, matrekta huvuta rotaveta kila upande, nasi wenye mashamba husimama kando tukifurahia udongo uliolainika kama unga. Lakini tuchomeke kijiti. Mara nyingi kitaingia vidole vinne tu, kisha kitagonga pagumu.

Tusiharakishe kulaumu mashine. Kina chake huwekwa kwa vile viatu viwili vya chuma vya ubavuni: vikipandishwa, injini ikiwa imezimwa, visu huzama zaidi. Visu vilivyolika vibadilishwe. Trekta nayo iende polepole. Hapo ndipo penye shida, maana dereva hulipwa kwa ekari, naye akikimbia huchuma zaidi. Shamba la mjane asiyeweza kutoka kutazama ndilo hukwaruzwa kuliko yote. Je, ndugu dereva, Mungu haoni chini ya udongo?

Tena iko ardhi ambayo rotaveta haiiwezi. Kulima kina kile kile kila mwaka, hasa udongo ukiwa umelowa, hujenga tabaka gumu. Mizizi ya mahindi ikifika hapo hupinda, na jua likizidi mimea hunyauka. Tabaka hilo hupasuliwa kwanza kwa ripa, Januari au Februari, udongo ungali mkavu. Yule mjenzi wa Luka 6:48 naye alichimba mpaka mwambani, na bila shaka jirani yake alimaliza mapema.

Basi tukubaliane na dereva habari ya kina kabla hajaanza, na tumwongezee kitu. Dizeli haipatikani bure.